Hela ya vocha inanunua nini kwako?

Jumamosi moja nilikaa zaidi ya saa mbili kwenye benchi la saluni pale Mbagala Rangi Tatu nikisubiri zamu yangu ya kusukwa. Msusi ni binti wa miaka ishirini na ushee, mkono mwepesi, maneno machache. Kila akimaliza mstari kwenye kichwa cha mteja aliyenitangulia, alijifuta vidole kwenye kanga, akaifikia simu iliyoegemezwa kwenye kopo la mafuta ya nazi, akabofya mara mbili tatu, kisha akarudi kwenye nywele. Nilidhani anachati. Nilipomuuliza, akatabasamu: "Niko kazini dada. Natazama video, wananilipa."

Alikuwa na michongo minne kwa mpigo. Wa kwanza ni huo wa video. Wa pili ni maswali yanayokuja kwa meseji ya kawaida, unajibu unatumiwa vocha. Wa tatu ni kusoma sentensi za Kiswahili kwa sauti na kuzituma. Wa nne alikuwa ameunganishwa juzi tu na rafiki yake: kundi la Telegram ambako unalaiki video za YouTube, unapiga picha ya skrini, unaituma, unalipwa. Yote ameyaandika nyuma ya daftari lilelile ambalo mbele yake wameandikwa wadeni wa saluni. Safu ya kwanza jina la mchongo, safu ya pili hela iliyoingia.

Nilimwomba kalamu tukapiga hesabu pamoja, mstari kwa mstari, maana mimi ni mtu wa takwimu na yeye ana hamu ya kujua.

Ile ya video inalipa senti mbili za dola kwa video moja, na huwezi kutoa chochote mpaka ufikishe dola tano. Hizo ni video 250. Kila moja, pamoja na tangazo linaloitangulia, inakula kama dakika mbili. Dakika 500, yaani zaidi ya saa nane. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,500, dola tano ni shilingi 12,500. Katika wiki mbili alikuwa ameongeza mabando sita ya buku juu ya yale aliyozoea kununua. Inabaki 6,500, kabla ya makato ya kuihamisha hela mpaka ifike kwenye simu. Saa moja ya kazi hiyo, basi, haifiki shilingi 850. Na bado hajaipata hata hiyo. Alipofika dola nne na senti sitini, video zilianza kuwa adimu, mbili kwa siku, siku nyingine hakuna kabisa. Kichwa kimoja cha rasta pale saluni, hata ukitoa fungu la mwenye saluni, kinampa zaidi ya hapo ndani ya saa tatu.

Wasomaji wengine watasema ni kosa la binti kutojua hesabu. Anajua hesabu, ndiyo maana ana daftari. Kinachompotosha ni namna kazi hizi zilivyokatwakatwa vipande vidogo mno, kila kipande kikionekana hakigharimu kitu. Jambo hili halikuanzia Mbagala. Mwaka 2005 Amazon ilifungua Mechanical Turk, soko la vikazi vya dakika moja moja: taja kilicho kwenye picha, nakili risiti, linganisha bidhaa mbili. Jina lilichukuliwa kwenye mashine ya karne ya 18 iliyosifika Ulaya kwa kucheza sataranji yenyewe, wakati ndani yake alikuwa amejificha mtu. Watafiti walipopima mapato ya wafanyakazi wa soko hilo, katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, walikuta mtu wa katikati, ambaye nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu chini yake, anapata kama dola mbili kwa saa. Ukitazama kazi moja moja, zilionekana kulipa zaidi. Kilichosahauliwa ni muda usio na malipo: kutafuta kazi, kuanza kazi ukaishia njiani, na kufanya kazi yote kisha ikakataliwa. Ukiuweka muda huo kwenye mizani, malipo yanaporomoka.

Tunapenda kujipa moyo kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ni ya kweli kwa kibaba kizima. Hapa kibaba kimetoboka sehemu tatu: bando linavuja, makato yanavuja, na kile kiwango cha chini cha kutoa ni tundu kubwa kuliko yote, kwa sababu wengi wanachoka kabla hawajakifikia na jasho lao linabaki kwa mwenye programu. Ongeza na shida yetu ya njia za malipo. Kwa miaka mingi PayPal imemruhusu Mtanzania kulipa lakini si kupokea, wakati jirani yake wa Kenya anapokea na kuhamishia M-Pesa. Hivyo vijana wetu wanapitishia hela zao kwenye akaunti za watu wa Nairobi au za madalali wa mtandaoni, na kila mkono unaochukua unakata chake.

Hata hivyo simwambii mtu aache. Mwenye mshahara wa kila mwezi ndiye anayeona vocha ya jero ni kichekesho. Kwa mtu anayekaa saluni tangu saa tatu asubuhi bila mteja, jero ni mawasiliano ya siku nzima, na muda ule ni wake, hakuna anayeununua kwa bei nyingine. Wapo waliolipia ada ya chuo kwa kazi za mtandaoni. Nawaheshimu wote.

Ninachosema ni kwamba hesabu ya saa ni nusu ya swali. Sote tukisikia mchongo tunauliza kwanza, "Inalipa ngapi?" Swali la kutangulia lingekuwa, "Wananunua nini?" Mama anayeuza nyanya Kariakoo anajua fungu lake lina nyanya ngapi na ipi imeanza kulainika. Hawezi kumkabidhi mteja kapu lililofunikwa, akapokea buku, na asijue ndani alikuwa ameweka nini. Mtandaoni tunafanya hivyo kila siku, kwa sababu malipo ni madogo na kitu kinachochukuliwa hakionekani.

Tuchukue ile michongo ya daftari.

Maswali ya meseji ndiyo yenye afya kuliko mengine. Kampuni kama GeoPoll zimekuwa zikiuliza watu wa nchi zetu kwa simu za kawaida: unasikiliza redio gani, unatumia sabuni gani, bei ya unga kwenu ni ngapi wiki hii. Ukimaliza, vocha inaingia. Mnunuzi anajulikana, bidhaa inajulikana, ni maoni yako kuhusu sabuni, na biashara inaisha palepale. Hailipi sana wala haiji mara kwa mara, ila ni biashara ya kweli.

Video zinanunua jicho lako kwa ajili ya mtangazaji. Mtangazaji anaamini analipa ili aonwe na mteja mtarajiwa, kumbe anaonwa na msusi ambaye macho yako kwenye kichwa cha mtu. Bidhaa ni hafifu, na bei inafuata ubora wake. Hakuna cha kuongeza hapo.

Sauti ni habari nyingine. Binti alisoma sentensi 300, akalipwa shilingi 9,000. Shilingi thelathini kwa sentensi, na alifurahi, kwa kuwa hakutumia bando kubwa. Nilimwomba aniletee masharti aliyoyakubali. Yalikuwa ya Kiingereza, marefu, na hakuwa ameyasoma. Tulipofika aya ya saba tukakuta kwamba ametoa haki ya kuitumia sauti yake kwa namna yoyote, popote, daima, bila kudai malipo mengine. Alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo sauti yangu inaweza kutangaza kitu nisichokijua?" Kwa maandishi yale, ndiyo, inaweza.

Hapa nataka tusimame kidogo. Kompyuta zinazojifunza kuzungumza zina njaa ya lugha, na Kiswahili chenye sauti za watu halisi, cha Mbagala, cha Mombasa, cha Lubumbashi, hakikuwa kingi kwenye hazina zao. Bidhaa yetu ni adimu, na bidhaa adimu haipaswi kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Kiswahili kwa kujitolea, haulipi, lakini unakwambia mapema kwamba sauti itawekwa wazi kwa yeyote aitumie. Mtu anatoa akijua anatoa. Ukiniuliza, huyo asiyelipa kitu amemheshimu mtoaji kuliko yule aliyelipa 9,000 na kuficha aya ya saba.

Mfano mkubwa kuliko wote tuliuona Nairobi. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023, umati ulijazana nje ya ukumbi wa KICC, watu wakingoja kuchungulia kwenye kifaa cha duara cha Worldcoin, mradi ambao Sam Altman, wa kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ni mmoja wa waasisi wake. Kifaa kinapiga picha ya mboni ya jicho. Malipo yalikuwa sarafu 25 za mtandaoni, ambazo siku zile zilikuwa na thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya, na pembeni walikuwepo watu tayari kuzibadili kuwa hela taslimu. Tarehe 2 Agosti serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru data za miili ya watu zilizokusanywa zifutwe, na ikazuia ridhaa kupatikana kwa kishawishi cha sarafu.

Mitandaoni watu wa foleni ile walichekwa sana, eti wameuza macho. Mimi sikucheka. Shilingi 7,000 za Kenya ni kodi ya chumba kwa mtu wa Kayole. Kosa halikuwa la aliyepanga foleni alfajiri akiwa na njaa, lilikuwa la aliyejua thamani ya anachokichukua na akajua pia kwamba mwenzake haijui. Neno lile la mahakama, kwamba kishawishi cha hela hakitengenezi ridhaa, lingefaa libandikwe kwenye kila saluni na kila kijiwe cha bodaboda. Nywila ikiibwa unabadilisha. Mboni huna nyingine.

Nimeuacha kwa makusudi mchongo wa nne, ule wa Telegram, kwa sababu huo ndio unaonikosesha usingizi.

Binti alikuwa siku ya pili. Siku ya kwanza alilaiki video tatu, jioni ikaingia buku tatu kwenye simu yake, hela halisi, aliyoitoa kwa wakala na kununulia mchele. "Dada, hawa wanalipa kweli," aliniambia, na alisema kwa sauti ya kusikika. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakaomba linki. Hapo hapo nikaona walichokinunua. Hakuna mtu duniani mwenye shida ya laiki tatu za msusi wa Mbagala. Walinunua ushuhuda wake. Kwa buku tatu wamepata mtu mwaminifu, anayeaminika mtaani, ambaye atawaambia wengine bila kudanganya kwamba wanalipa.

Kinachofuata nakijua kwa kuwa kimewapata watu wa ukoo wangu. Siku ya tatu au ya nne zinakuja "kazi za kulipia kwanza": weka 20,000 urudishiwe 26,000. Zinarudi kweli. Halafu weka laki moja. Kisha kwenye skrini inaonekana akaunti yako ina laki nne, ila imefungwa kwa sababu ulikosea hatua, na ili ifunguliwe uongeze laki mbili. Binamu yangu aliongeza mara mbili. Mara ya pili ilikuwa hela ya kikoba ambacho yeye ni mtunza hazina. Mpaka leo hakai barazani na wanawake wenzake.

Wenye umri wangu wanaikumbuka DECI, upatu wa hapa Tanzania uliofungwa mwaka 2009, ambako watu "walipanda" na "kuvuna". Waliokuwa wakiivumisha kwa nguvu makanisani na maofisini hawakuwa waongo. Walikuwa wamevuna kweli. Wavunaji wa kwanza ndio chambo cha wa mwisho, na chambo hakijui kwamba ni chambo. Tofauti ya sasa ni kwamba wakati ule ofisi zilikuwepo, milango ilikuwepo, hata wahusika wakafikishwa mahakamani. Leo "ofisa ajira" ni namba ya nchi ya mbali na picha ya dada mwenye suti.

Vitu vya bure navyo vinapimwa kwa kipimo hichohicho. Kwa wenzetu wa Uingereza na Marekani mtu anaomba sampuli ya sabuni au chakula cha paka mtandaoni, na posta inamletea mlangoni. Kampuni inanunua jaribio: utumie, upende, urudi dukani. Sisi barua zetu zinaishia kwenye S.L.P., mara nyingi ya ofisini au ya shule, na hata baada ya ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 sampuli bado hazifiki Mbagala. Hivyo "bure" iliyotufikia ni ya aina nyingine: GB 50 za bure kwa kuadhimisha miaka kadhaa ya mtandao fulani wa simu, bofya, jaza namba, sambaza kwa makundi 12 ndipo zawadi ifunguke. Zawadi haifunguki. Aliyetengeneza kiungo amepata namba yako, amepata makundi yako 12, na wakati mwingine amekuandikisha kwenye huduma ya meseji inayokata salio kila siku. Na unaposambaza, anayeombwa abofye ni shangazi yako, ambaye anabofya kwa sababu imetoka kwako.

Ndiyo maana kitu ninachokilinda kuliko vyote ni orodha ya majina kwenye simu. Programu nyingi za vijisenti zinaiomba mara tu unapozifungua. Orodha hiyo si yako peke yako, ni ya watu waliokupa namba zao kwa kukuamini. Tumeona programu za mikopo zikiwapigia wakwe na mabosi wa wadaiwa kuwaaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitangaza programu 69 za mikopo kuwa zinafanya kazi bila leseni. Programu inayokulipa senti mbili kwa video ina haja gani na namba ya mkwe wako?

Hata michongo yenye sura ya heshima haina kamba ya kushikia. Kampuni ya Marekani ya Scale AI ilikuwa na jukwaa lake, Remotasks, lililowapa Wakenya wengi kazi za kuchora mistari kuzunguka magari na watu kwenye picha, ili mashine zijifunze kuona. Watu waliacha vibarua vingine kwa ajili yake. Machi 2024 walitumiwa barua pepe kwamba huduma inakoma Kenya, ikaisha. Hakuna notisi, hakuna kiinua mgongo, hakuna mtu wa kumgongea mlango. Ukiifanya kazi ya namna hiyo kuwa ya muda wa ziada, pigo kama hilo utalimeza. Ukiifanya ndiyo nguzo ya nyumba, nyumba iko mikononi mwa mtu asiyelijua jina lako.

Serikali ina sehemu yake hapa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Sheria inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinachukuliwa kwa sababu gani. Naiomba Tume iwafikirie watu wa saluni na vijiwe: masharti yawe ya Kiswahili, na kiwango cha chini cha kutoa hela kioneshwe kabla mtu hajajisajili, kwa herufi za kusomeka. Meseji za kitapeli zinatumwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa namba 15040, na binti wa saluni hakuwa ameisikia namba hiyo mpaka siku ile. Kama msusi mwenye simu mkononi kutwa nzima haijui, tangazo lake halijafika linakotakiwa.

Zamu yangu ilipofika tuliendelea kuongea huku akinisuka. Alisema, bila kunitazama, kwamba atajitoa kwenye kundi la Telegram lakini anaona aibu kwa wale wateja wawili waliochukua linki, atawaambiaje. Nikamwambia awaambie leo, kabla hawajafika siku ya nne. Akapangusa vidole, akawapigia mbele yangu. Mmoja alipokea, mwingine hakupokea, akamwachia meseji ya sauti.

Nilirudi baada ya wiki sita kufumua. Daftari lilikuwepo palepale kando ya kopo la mafuta. Nyuma yake amechora safu ya tatu kwa rula, juu ameandika "wanachukua nini". Mbele ya maswali ya vocha ameandika "maoni". Mbele ya sentensi ameandika "sauti yangu milele, wameniambia bei mpya, bado nafikiria". Mbele ya video hakuandika kitu. Ameikata kwa mstari mmoja, na dola zake nne na senti sitini ziko hukohuko.